Kifuo cha Pazi

Mwenye shamba alipokuja na askari, alikuta vifuo vyote vimeng'olewa.

Huku Mosimboa kila mfuaji huchonga kifuo chake, mti wenye ncha unaochomekwa ardhini wa kufulia nazi, kuzitoa makumbi. Lakini Wareno walikuwa wakipigana na wapigania uhuru, na mti wenye ncha mkononi ungetosha kukupeleka jela. Kwa hiyo tulivilaza chini, tukakaa juu ya makumbi, mikono mitupu magotini.

"Mnaasi?" akauliza mwenye shamba.

"Hatuasi, senyori," akajibu mama mmoja mtu mzima. "Pazi mwenzetu umemfukuza kwa kudai maji ya kunywa. Akirudi, tunafua."

Askari akakoki bunduki.

Mwenye shamba akatazama lundo la nazi. Mvua ilikwishazinyeshea, na nyingine zilishaanza kuchipua. Akamwashiria askari ashushe bunduki.

"Kipi cha Pazi?"

Tukamwonyesha, na shimo lake pia. Akakiokota, akakichomeka mwenyewe ili kazi ianze. Kikalala upande. Akakisimamisha tena, kikalala.

Mama yule akaanza kucheka, nasi tukamfuata, hata askari.

"Hakikukubali, senyori," akasema. "Mwite mwenyewe."