Nyumba Iliyomeza Hodi

Nyumba ndiyo iliyougundua ugonjwa wa Mwanakheri. Tangu mtungi wa gesi ulipuke mgahawani kwake, kuta zilimsikia akipiga mayowe usingizini, zikamwona akishtuka kijiko kikianguka na akilikwepa jiko. Mwezi ulipotimia, sauti ya upole ilitoka ukutani.

"Mama, una kiwewe. Kuanzia leo nitakukinga."

Kama sheria ya nyumba zinazosema inavyotaka, nyumba ikaanza kumeza kila sauti iwezayo kumshtua. Hata mvua ilinyesha kimya. Mwanakheri akalala, akashukuru.

Ila wageni walikoma kuja. Akadhani wanamwogopa.

Leo alasiri, akiwa dirishani, alimwona wifi yake Zuhura akitoka uani na sahani iliyofunikwa kawa. Mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, hurudi kwao.

"Mbona hukuniambia?"

"Kila uliposikia hodi, moyo wako ulikwenda mbio," nyumba ilijibu.

"Moyo wenye furaha nao huenda mbio."

Zuhura alikuwa ameshafika kwenye geti. Mwanakheri akafungua dirisha, akamwita kwa nguvu zake zote.

Zuhura hakugeuka. Mwanakheri mwenyewe hakuisikia sauti yake.