Sauti ya Mwajabu

“Tangu utuzwe, shoga, umekuwa mkubwa, hutujui!” Salha alifoka kibarazani, mkono kiunoni. “Mama anakuulizia kila siku.”

“Aniulizie nini, na sauti yangu mnayo ndani?” jirani yake Mwajabu alimrudishia.

Kweli ilikuwamo, ikisoma kutoka kwenye kikasha cha ukutani. Mwajabu, mpanga vitabu wa maktaba, ndiye aliyebuni kuwafuata wasioona majumbani na kuwasomea, akiigiza majini na wafalme. Na siku hizi mfanyakazi mbunifu hutuzwa kwa kunakiliwa: sauti yake husambazwa kila nyumba, naye mwenyewe hukatazwa kabisa kuifanya kazi ile. Cheti alipewa, kizuri. Jioni zake ndizo zilizobaki tupu.

“Basi nikija nifanye nini, Salha? Kusoma siruhusiwi.”

Mama yake Salha, Bi Shuweikha, asiyeona, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Nyuma yake ile sauti iliendelea kusoma, haina habari.

“Nani kakwambia usome?” alisema, akimshika mkono. “Huyu wa ukutani namkaribisha wali kila siku, hajibu, anasoma tu. Ingia wewe, mwanangu, tule.”