Chumvi ya Kornelia

Kwa miaka ishirini Bi Salha hakuonja futari yake kabla ya adhana. Alipitisha mwiko juu ya ukuta na kuita, "Kornelia, nionjee chumvi!" Jirani yake Mkristo akalamba, akatoa hukumu.

Mazoea yana taabu. Leo, siku ya kwanza ya mfungo, muhogo wa nazi ulipoiva, aliinua mwiko akaita. Ndipo alipokumbuka kwamba Kornelia walimzika mwezi uliopita.

Kabla hajaushusha, mkono wa mwanamume uliupokea kule upande wa pili. Alikuwa Gervas, mume wa marehemu. Akaulamba mwiko taratibu.

"Imekolea, dada," akasema kwa sauti nzito. "Vilevile alivyopenda yeye."

Bi Salha akampelekea bakuli lililojaa.

Magharibi alifungua kwa tende, kisha akatia tonge mdomoni. Muhogo haukuwa na hata chembe ya chumvi. Alikuwa amesahau kuitia.

Kopo la chumvi lilikuwa karibu na mkono wake; hakuligusa. Alitafuna polepole, akisikia ng'ambo ya ukuta kijiko cha Gervas kikikwangua bakuli, kikikwangua hata baada ya chakula kwisha.