Pembe za Mtapo

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Mwinchande, mwamuzi wa maonyesho ya mimea, na mwenyewe hakatai. Mitapo ya Amerika, ile inayofanana na minazi iliyogoma kurefuka, anaijua. Mingine koni yake, ile inayochipuka katikati ya majani, nene kama gunzi la hindi, ina magamba matupu. Mingine kila gamba lina vipembe viwili kama vya mwanambuzi. Mtapo wa pembe ulikuwa haujawahi kuonekana mjini. Bi Nyamizi alipouleta, Mwinchande alimpa kombe, akazisifu pembe kwenye kipaza sauti mpaka sauti ikamkauka.

Watu walipokwenda kunywa chai, alirudi kuzipapasa tena. Pembe moja ikamfuata kidoleni. Kumbe ni mwiba wa mgunga, na nyuma yake ukavutika uzi wa gundi ya viatu, mzito kama kamasi. Fukusi wanne wa kwenye koni walikuwa wamenasa humo, miguu bado inachezacheza. Alijifuta kwenye suruali, wakahamia surualini. Akamgeukia Bi Nyamizi, aliyekuwa amebaki kando ya mtapo wake.

"Bibi wee, uchafu gani huu? Lete kombe!"

"Kombe langu hili," Bi Nyamizi alisema, akilipangusa kwa khanga.

"Huna haya! Umebandika miiba!"

"Nimebandika, ndiyo. Wewe si ulizishika asubuhi, ukasema ni za kuzaliwa nazo?"

"Nitakutangaza mbele ya watu wote!"

"Kipaza sauti bado kinawaka, baba. Nenda kawaambie ulituza gundi."