Faili la Jirani

Kila kaya ilikuwa na faili lake la XML, orodha ya kompyuta yenye mistari ya majina na uhusiano wao, na kila alfajiri mtambo wa mji ulilisoma ukazipanga kumbukumbu za watu wa nyumba hiyo zifuate kilichoandikwa. Faili lilijazwa mara moja tu kwa mwaka. Mwaka huu Zaituni alinakili la jirani yake, Bi Rukia, kama wengi walivyozoea, akabadilisha majina yote isipokuwa la Rukia, alilolisahau kwenye mstari wa mama.

Asubuhi alimkuta bintiye Siwema mlangoni, amekwisha vaa viatu.

“Mwanangu, njoo unywe chai.”

“Shikamoo. Asante, mama ananisubiri.”

Zaituni alimshika mkono. Faili halingeweza kurekebishwa tena mpaka mwaka ujao.

“Siwema, nani alikusuka jana?”

Mtoto alizipapasa nywele, akafikiri sana, kisha akaonyesha nyumba ya Rukia. “Mama.”

Kucha za Zaituni bado zilinukia mafuta ya nazi ya kusukia.