Joto la Kaburi la Mume

"Shoga, saruji ya mumeo bado ina joto?" jirani alimuuliza Mwanamkuu juzi, kwa huruma.

Sheria ya mji ilikuwa hiyo: mjane hukaa nyumba ya mumewe mpaka saruji ya kaburi ipoe, na kipimajoto kilichochomekwa ndani yake ndicho hakimu. Mwanamkuu aliifunika kwa mablanketi, akimwomba Mungu isipoe upesi. Lakini leo, alipomaliza dua, mkono ulikwenda wenyewe kama alivyolelewa, kwamba dua ya kaburini hufungwa kwa maji. Alifunua kaburi, akalimwagia maji ndoo nzima.

Shemeji yake Mbwana, aliyekuwa akiingojea nyumba ile, akatazama kipimajoto. "Umelipoza mwenyewe. Mimi mkono wangu haumo."

"Ningemwombeaje nduguyo bila maji, shemeji?"

Mbwana akanyoosha kiganja. Mwanamkuu akafungua pindo la leso, akampa ufunguo wa nyumba, akatoka makaburini.