Bure na Salama

Kabla chai yake haijapoa, mkaguzi wa mizani alikuwa amekwisha kumripoti mwanamke mwingine kwa utapeli.

Kosa la mwanamke huyo lilikuwa picha. Katika picha moja mkono uliokatwa ulikuwa wa kulia, katika nyingine wa kushoto. Mkaguzi hakutaka kusikia habari za simu zinazogeuza picha. Kutwa nzima aliwakamata wauza nyama wanaobandika sumaku chini ya mizani, kwa hiyo hakuwa mtu wa kulainishwa na tabasamu. Alibonyeza kitufe, akanywa chai, akajiona mlinzi wa taifa.

Alikuwa ameingia kwenye mtandao huu baada ya safari ndefu yenye aibu. Mtandao wake wa kwanza wa kutafuta wachumba ulidai ada kabla ya kumwonyesha hata kidevu cha mtu. Uliofuata ulikuwa bure, na humo alipendwa mara moja na mrembo aliyeomba vocha kila mama yake alipougua, na mama huyo aliugua kuliko wodi nzima. Mwisho alipata mtandao wenye wanawake halisi, lakini waliupita wasifu wake kama watu wanavyopita duka lililofungwa.

Ndipo akauona huu wa watu waliokatwa viungo. Ulijitangaza kuwa bure na salama: hauna ada, na wanachama wenyewe ndio wanaochunguzana na kuwafichua matapeli. Wanawake walikuwa wengi, wanaume wa kuhesabika. Akajaza wasifu: mguu wa kushoto, chini ya goti, ajali ya lori. Picha aliweka ya kifuani kwenda juu tu kwa sababu, aliandika, mguu wake si maonyesho.

Sentensi hiyo ilipendwa na wengi, akiwemo msusi mmoja.

Msusi alipoteza mguu wa kulia katika ajali ya pikipiki na hakupenda kulilia jambo hilo. Alimsimulia jinsi vidole ambavyo havipo tena vinavyowasha kukiwa na baridi, na jinsi anavyokuna hewa kama kichaa. Mkaguzi alisoma kwa makini mno. Kesho yake aliwatahini wanawake wengine kwa habari hiyohiyo, akiwauliza vidole vyao huwasha wakati gani. Aliyesitasita aliripotiwa.

"Mwanamume wa kwanza niliyemkubali humu," msusi alimwandikia siku moja, "alikuwa na miguu yake yote miwili. Alidhani wanawake wa humu hatuchagui."

Mkaguzi aliwaka. Aliandika aya baada ya aya, akimwita mtu huyo kupe, fisi na mizani mbovu. Akataka kujua alifanywa nini.

"Alikimbia. Mama yangu ni muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji. Anasema akija mwingine, atamsaidia asiwe mwongo."

Mkaguzi alicheka, ingawa si sana.

Walionana kwanza saluni, mchana kweupe, mbele ya wanawake wenye mikasi, kwani hiyo ndiyo maana ya salama. Mkaguzi aliingia akichechemea. Msusi alimvutia kiti bila kuuliza neno, na alipocheka utani wake wa wauza nyama, mkaguzi akasahau ulinzi wote wa taifa. Kwa mara ya kwanza hakutaka kumripoti mtu. Alitaka kumuoa.

Akarudi saluni tena na tena, hata wasusi wengine wakaanza kumwita shemeji. Kilichobaki ni mama. Msusi alimweleza bila kuzunguka kwamba mama akimpenda, wataoana kabla mwaka haujaisha. Akimkataa, kila mtu ashike njia yake.

Siku ya kwenda kwa mama, dada mkubwa wa mkaguzi, aliyekuwa akiishi naye, alimkuta akizunguka meza kwa fimbo mpya.

"Mdogo wangu, unatembea kama bata aliyeshiba."

Alimjibu kwamba leo hataki makosa.

"Basi badili hizo soksi."

Mkaguzi alimtazama kwa huruma. Mtu anayekwenda kuchumbia, alimfafanulia, hakaguliwi soksi.

Mlangoni kwa kina msusi palikuwa na viatu vimepangwa kwa safu, na ndani zulia jeupe lisilo na hata alama ya chai. Mama mtu alikuja na birika mkononi. Nyuma yake alisimama msusi, na viatu vyake miguuni, cha kulia kwenye mguu wa bandia, vimefutwa vikang'aa. Mama alimwangalia mgeni kuanzia kichwani mpaka kwenye fimbo, kisha uso wake ukalainika.

"Wewe usivue, mwanangu. Ingia hivyohivyo."

Mkaguzi nusura atabasamu. Mtego huu aliujua tangu utotoni. Mwenyeji akikwambia usivue, mtu aliyelelewa anavua, na asiyelelewa anaingia na matope yake na kunyimwa binti.

"Hapana, mama," alisema. "Zulia kama hili? Mimi nimefunzwa adabu."

Msusi alifungua mdomo aseme kitu, akakuta amekabidhiwa fimbo. Mkaguzi aliinama, akavua kiatu cha kulia. Kisha, kwa heshima yote aliyofundishwa nyumbani kwao, akavua na cha kushoto.

Soksi ilikuwa na tundu. Kidole gumba kikachungulia nje, kikajikunja, kikajinyoosha. Mama mtu aliweka birika chini taratibu, akamwuliza binti yake lile sanduku la vifaa vyake vya upasuaji lilihifadhiwa wapi.